Kutoa 12A kuweka 13B: shajara ya RX-7 yangu ya 1984

NOVEMBA

Gari yenyewe ni Mazda RX-7 ya 1984, kizazi cha kwanza, ile ya taa za kuchomoza, ngazi ya GS, dramu nyuma, haina mbwembwe. Niko nayo hapa Dallas. Injini iliyozaliwa nayo ni 12A ya rotari, yaani haina pistoni, ndani zinazunguka rota mbili za pembetatu, ujazo wa sisi (cc) 1146, kabureta ya Nikki ya koo nne, farasi 101 kwa vitabu vya Marekani, na gari zima lina kama kilo 1,050 tu kwa iyo hata na hao farasi wachache lilikuwa linatembea vizuri. Shida ni kwamba 12A imechoka. Asubuhi inawaka kwa kubembelezwa, alafu ukiizima ikiwa na moto, tuseme umesimama sheli, jua utakaa hapo mpaka ipoe ndo ikubali tena. Kwa rotari hiyo ni dalili ya kompresheni kuisha, na nilipopima rota ya nyuma ikaonekana iko hoi.

Ukishafika hapo unaamua: uifungue 12A uifanyie ovaholi au uweke kubwa zaidi. Nimeamua kubwa zaidi. Na hapa watu wakisikia rotari kubwa akili zinarukia 20B, ile ya rota tatu iliyokuja kwenye Eunos Cosmo ya 1990, au 13B-REW ya FD, RX-7 ya kizazi cha tatu, yenye tabo mbili. Sina ugomvi na mwenye hela zake. Ila 20B ina rota nzima ya ziada kwa urefu, unaanza kukata na kuhamisha, gia boksi ya zamani haiwezi, difu haiwezi, breki hazitoshi, ukija kushtuka kilichobaki cha RX-7 ni bodi na milango. Mimi nataka gari ileile iwe na pumzi zaidi basi.

Sasa 13B ya kawaida na 12A ni ndugu wa tumbo moja. Rota umbo lilelile, shafti inazungusha kwa eksentriki ileile (umbali wa rota kutoka katikati ya shafti) ya milimita 15, tofauti iko kwenye unene tu, rota ya 12A ina upana wa milimita 70 na ya 13B milimita 80. Hizo milimita 10 kila rota ndo zinakutoa sisi 1146 kukupeleka 1308. Na Mazda wenyewe walishafanya, 1984 na 1985 waliuza huku GSL-SE yenye 13B ya injekta, farasi 135, kwenye bodi hii hii. Kwa iyo mtu akikuambia kazi hii ni ngumu sana mwulize ngumu wapi. Injini kuingia inaingia. Kazi iko kwenye vitu vya pembeni, kava la mbele, sampu (bakuli la oili chini ya injini), uzani wa flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), kula ya oili, yaani kipozeo chake, ekzosti, na maji, na humo ndo hela na usingizi vinapotelea.

Serikali haitanisumbua, Texas gari ikivuka miaka 25 haipimwi moshi, na ukaguzi wa usalama kwa gari binafsi walishaufuta kuanzia Januari 2025. Ningekuwa California nisingeandika hata mstari mmoja wa haya.

DESEMBA

Nimepata 13B ya 1987 kutoka kwenye RX-7 ya kizazi cha pili, FC, isiyo na tabo, ile wanayoita S4, matundu sita ya kuingizia hewa. Muuzaji alisema "inakunywa maji kidogo". Hilo neno kidogo lilinishushia bei vizuri sana maana mimi nilikuwa naifungua kwa vyovyote.

Kwa wasiojua, rotari ikianza kunywa maji mara nyingi ni sili za maji, mipira miwili inayozunguka kila upande wa hauzingi, lile ganda rota inamozungukia. Na zinakufa kwa sababu ya jinsi injini ilivyo. Kwenye pistoni, sehemu moja inapata hewa baridi alafu moto alafu hewa baridi tena, inapoa. Rotari haiko hivyo, upande wa kuvuta hewa ni wa kuvuta hewa siku zote na upande wa plagi unaungua siku zote, kwa iyo nusu ya injini ya baridi na nusu ya moto, na hauzingi ni za aluminiamu wakati sahani za katikati na pembeni ni chuma cha kumwaga, vinatanuka tofauti. Ichemshe mara moja tu, yaani mshale uende juu ukaendelea kuendesha ukisema nafika nyumbani, sili imekwisha. Watu wanasema rotari zinakufa mapema kwa sababu ya kupiga resi. Mimi naona nyingi zinauawa na maji na oili, resi inasingiziwa.

Kufungua: nati ya flaiwili ni ya milimita 54 na inakazwa kwa zaidi ya Nm 400, spana zako za kawaida weka pembeni. Jirani yangu ni mzee wa Puerto Rico, na wale watu na rotari ni mapenzi ya ukoo mzima, ana soketi yake ya hiyo nati kwenye boksi kama urithi. Nikamuuliza, mzee, hii inatoka kweli bila kuipasha moto? Akanijibu, "Weka bomba refu mijo, alafu omba Mungu." Mijo kwao ni mwanangu. Tulifunga flaiwili na kipande cha chuma, tukaning'inia wote wawili, ikatoa mlio kama risasi ikaachia.

Ndani sio mbaya. Injini hii imepangwa sahani juu ya sahani kama chapati kwenye hotpoti, chuma, hauzingi, chuma, hauzingi, chuma, na bolti ndefu zinapita toka nyuma mpaka mbele kubana zote. Ukizitoa unabeba kipande kimoja kimoja. Sili ya maji ya ndani kwenye rota ya mbele imekauka na kukatika upande wa plagi, palepale panapopata moto zaidi, kama ilivyotegemewa. Kromu ya hauzingi zote mbili bado inang'aa. Nilizimulika na tochi nikitafuta mistari ya mawimbi, ile iliyowatesa Mazda miaka ya 60 mpaka Kenichi Yamamoto na wenzake wakaiita kucha za shetani, hakuna. Vyuma vya pembeni nimevipima ngazi ya kuliwa, kikomo cha kitabu ni milimita 0.10, vyote viko chini ya hapo. Nashukuru maana chuma kimoja kikikataa unaanza kutafuta kingine na bei zake siku hizi sio za kuchekea.

JANUARI

Sili mpya zimefika. Kila rota inabeba sili tatu za apeksi (za kwenye ncha za rota), sita za kona, sita za pembeni, kila moja na springi yake, hapo bado pete za oili. Angalia sana unapoagiza: FC apeksi zake ni milimita 2, 12A ni milimita 3, na duka likikuuliza gari gani ukajibu RX-7 ya 1984 utaletewa za milimita 3 na zitakaa mezani zikikutazama. Wewe taja injini, usitaje gari.

Kupanga yenyewe ni kazi ya vaselini. Unapaka kila sili ikae kwenye mfereji wake isidondoke unaposhusha rota, na gereji ilikuwa baridi vaselini imeganda kama nta ikabidi niwe naiweka mfukoni. Sili za pembeni zinakatwa kwa kuparuza na jiwe mpaka uwazi kati yake na sili ya kona uwe sawa, hapo usikimbie, weka muziki, tulia. Ndo mahali ambapo injini ya nyumbani inapata au inakosa kompresheni. Kuna wanaofunga bila kupima wakisema sili zimetoka kiwandani sawa, haya, wao na injini zao.

Bolti za kubana zinakazwa kwa mpangilio wa kitabu, kidogo kidogo mpaka Nm 32 hadi 39, ukimaliza zungusha shafti kwa mkono usikilize. Shafti inazunguka mara tatu rota ikizunguka mara moja, na ukiwa umetoa plagi unasikia kila uso wa rota ukipumua kwenye tundu, puf, puf, puf, lazima zifanane.

Alafu kuna beringi ya sindano mbele, nyuma ya bolti ya puli. Hii imeua injini nyingi za watu wazuri. Ukilegeza ile bolti shafti ikasogea mbele nyuma, beringi inashuka kutoka mahali pake, we unakaza tena huoni kitu, kumbe unaisaga. Mzee alinilazimisha nisimamishe injini wima, flaiwili chini, mpaka bolti ya mbele ikazwe na isiguswe tena. Mchezo wa shafti nimepima na saa ya kupimia umetoka milimita 0.05, kitabu kinataka 0.04 mpaka 0.07. Ukiwa nje ya hapo unabadilisha spesa, zinauzwa kwa unene tofauti na zina alama za herufi. Mimi sikuhitaji.

FEBRUARI

Mwezi wa kava na sampu, na nimeuchukia.

FC inashikwa kwenye chasisi kwa namna nyingine kabisa, maunti zake ziko ubavuni, wakati RX-7 ya kwanza inabeba injini kwa mbele, kwenye kava. Kwa iyo 13B ya FC na kava lake haina pa kukalia kwenye gari yangu. Dawa ni kuchukua kava la mbele la 12A na kulifunga kwenye 13B, linakubali, na faida yake nyingine unapata tundu la distribyuta ya zamani, waya zako za plagi zinabaki kama zilivyokuwa, ya chini inatangulia kuchoma, ya juu inafuata, hakuna kompyuta. Hapo katikati ya kava na chuma cha mbele kuna oringi ndogo inayopitisha oili yenye presha. Gasketi ya karatasi ikisinyaa ile oringi inasukumwa nje, presha inashuka injini ikiwa na moto na mtu anafikiri beringi zimekufa. Weka oringi mpya na pete ya teflon ya kuishikilia, ni kitu cha bei ya soda.

Sampu sasa. Ya 12A ni fupi maana injini ni fupi. Ya FC inagonga kwenye krosimemba, ule mhimili wa chasisi unaopita chini ya injini. Inayotakiwa ni ya GSL-SE pamoja na mdomo wake wa kunyonya oili, na GSL-SE iliuzwa miaka miwili tu, kwa iyo kila mwenye nayo anajua thamani ya alicho nacho. Niliuliza mpaka huku Texas nzima naona walinichoka, mwishoni ikapatikana moja Oklahoma yenye kutu nje, ndani safi. Kama unapanga kufanya hii kazi tafuta sampu kwanza, kabla hata ya injini. Injini za 13B zipo, sampu ndo mtihani.

Flaiwili: rota za kila toleo zina uzito wake, za S4 sio za S5 (toleo la FC lililofuata), na flaiwili pamoja na kizani cha mbele vinasawazisha uzito huo. Ukichukua flaiwili ya 12A kwa sababu mashimo yanalingana utapata mtetemo ambao hautaelewa umetoka wapi. Nimebaki na flaiwili ya S4 yenyewe na kizani chake cha mbele, klachi ya milimita 225, gia boksi yangu ya zamani ikaifuata bila maneno.

MACHI

12A imetoka, 13B imeingia, kwa wikendi. Kwa kuwa inakaa kwenye maunti ya mbele ileile, feni na redieta hazikusogea, zile milimita 20 za ziada zote zimeenda nyuma. Nimechonga mashimo ya krosimemba ya gia boksi yakawa marefu, propela shafti imejisukuma ndani yenyewe, fimbo ya gia iko nyuma kidogo na kwa miguu yangu mirefu naona imekuwa bora kuliko ilivyotoka Hiroshima.

Manifoldi za 12A, ya hewa na ya ekzosti, hazifai. Nafasi kati ya matundu imeongezeka milimita 10, usijaribu kuvuta wala kuchonga. Hedasi, yaani bomba za kutolea moshi kwenye injini, nimenunua ya 13B. Kabureta ni Weber ya kulala, koo mbili za milimita 45, juu ya manifoldi inayolisha matundu yote sita. Hapa tulibishana na mzee. Kwenye FC yale matundu mawili ya ziada yanafunguliwa na mirija inayosukumwa na presha ya ekzosti injini ikipanda mzunguko, ukiweka hedasi presha hiyo haipo. Yeye alitaka tuzibe kabisa tuwe na injini ya matundu manne, anasema chini itakuwa na nguvu. Mimi nimetoa mirija nikaacha wazi. Kweli chini ya 3000 itakuwa nzito kidogo, lakini gari ni jepesi na mimi sibebi mkaa, nguvu naitaka juu. Akanuna siku nzima, jioni akaniletea kahawa.

Na wale wanaoniuliza kwa nini sikutoboa briji poti, yaani kuongeza tundu la hewa pembeni ya lile la kawaida, nipate ule mlio wa brap brap: nataka kulitumia kwenda kazini. Mlio unaupata, sailensi ya kawaida (injini kunguruma taratibu gari ikiwa imesimama) huipati tena, na petroli unaijua bei yake.

Pampu ya kudunga oili nimeitoa nikafunga kipande cha chuma. Ile ya zamani kiasi chake kinaamuliwa na fimbo inayotoka kwenye kabureta ya Nikki na Weber haina pa kuishika. Badala yake nachanganya oili ya tuu stroki kwenye tenki, kama mililita 8 kwa kila lita ya petroli. Kuna chupa ya kupimia imekaa kwenye buti nyuma, abiria wote wanadhani nimeharibikiwa.

APRILI

Kula ya oili. RX-7 za 12A za 1983 mpaka 1985 huku zilipewa kile kidude kilichokaa juu ya injini kinachopozwa na maji, watu wanakiita mzinga wa nyuki. Kwa 12A ya kwenda sokoni kilitosha. Kwa rotari kubwa kwenye jua la Dallas hapana, oili inabeba sehemu kubwa ya joto la injini hii maana ndo inapoza rota kwa ndani, ukiipoza kwa maji ambayo nayo ni ya moto unazunguka palepale. Nimeng'oa, nimeweka kula ya FC mbele chini ya redieta, mipira ya presha mipya. GSL-SE nayo ilikuja na kula ya mbele, kwa iyo Mazda walijua.

Redieta mpya ya aluminiamu, pampu ya maji imebaki ya 13B, feni nimebakiza ileile ya kuzungushwa na injini pamoja na boksi lake la plastiki. Kila mtu ananiambia weka ya umeme. Ile ya kiwandani ikiwa na boksi lake zima inavuta hewa ambayo feni za umeme za bei rahisi hazigusi. Pampu ya petroli ya nyuma nimeiacha maana Weber inataka kama psi 3 tu, regyuleta ndogo imemaliza mambo.

Kuwasha. Kwanza bila plagi, stata mpaka geji ya oili ipande, ndo nikafunga plagi. Injini mpya ya rotari kompresheni yake haijakaa, kwa iyo ilizunguka, ikakohoa, ikazunguka, betri ikaomba msaada wa gari ya mzee, alafu ikashika. Moshi! Vaselini na oili ya kufungia vyote vinaungua kwa pamoja, mtaa mzima mweupe, mama mmoja akasimamisha gari kuuliza tupigie zimamoto. Kama dakika kumi ukaisha. Taimingi nikaweka kwa taa, nikaiacha kwenye mzunguko wa 1500 hivi mpaka ipate joto, maji hayapungui, hakuna mapovu kwenye redieta, na hayo mapovu ndo nilikuwa nayaogopa kuliko kitu chochote.

MEI

Niko kwenye kulainisha, maili elfu za kwanza sipiti 4000. Inaudhi ila sawa. Presha ya oili ikiwa na moto iko kama psi 70 kwenye mzunguko wa 3000, yaani palepale kitabu kinapotaka. Juzi nje ilikuwa digrii 36, foleni ya I-35 haitembei, mshale wa maji ulipanda upana wa unyoya ukasimama hapo. Inawaka moto au baridi bila kubembeleza, hata sheli.

Nguvu sijaipima na sitadanganya namba. Ninachoweza kusema ni kwamba mlima wa kutoka kwenye barabara ya pembeni kuingia haiwei, ambao 12A nilikuwa narudi gia ya tatu, sasa napanda na ya nne na gari inaongeza. Chini ya 2500 ni nzito kama mzee alivyosema, na ameshanikumbusha mara za kutosha.

Kinachokera sasa ni ekzosti. Moshi wa rotari una joto kali, sailensa ya kwanza pamba yake ya ndani imeanza kutoka kwa nyuma vipande vipande, na kelele ndani ya gari ukiwa 3000 inaingia kwenye meno. Nimeagiza sailensa mbili za chuma kitupu bila pamba, moja katikati moja nyuma. Difu imebaki ya uwiano wa 3.909, GSL-SE walipewa 4.078, sitaibadilisha mpaka nipite kipindi cha kulainisha nijue inapumua vipi mpaka 7000, pale baza ya dashibodi inapolia.

Dramu za nyuma ndo zinafuata. Ekseli ya nyuma ya GSL yenye diski nimeiona inauzwa Fort Worth, mashimo ya rimu ni yaleyale manne kwa milimita 110, ya GSL-SE ni 114.3 kwa iyo hiyo siitaki, ningebadilisha na rimu za mbele. Mwenye nayo anataka hela nyingi. Jumamosi naenda kuiangalia na mzee, yeye ndo anajua kupatana.